Mwekezaji wa Kwanza

Katika miaka ya 1980 Watanzania walipanga foleni kwa karibu kila kitu: sukari, sabuni, unga, dawa ya meno. Kalamu ya wino nayo ilikuwa bidhaa ya kutafutwa. Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam, Reginald Mengi, aliyekuwa na cheo cha juu katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, aliuona upungufu huo akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake kwa vipande vilivyoagizwa kutoka nje. Hakuacha kazi siku wazo lilipomjia, wala siku alipouza kalamu ya kwanza. Aliendelea kukagua vitabu vya wateja wa kampuni na kupokea mshahara wake, huku mradi wa kalamu ukikua na kuzaa miradi mingine. Alipoondoka mwaka 1989 ili asimamie biashara zake mwenyewe, zilikuwa zimeshasimama. Mwaka 1994 kituo chake cha televisheni, ITV, kilianza kurusha matangazo. Alipofariki Mei 2019, jina la kundi la kampuni zake, IPP, lilikuwa limezoeleka katika kila mkoa wa nchi.

Kisa hicho husimuliwa sana kwenye semina za ujasiriamali, ila wasimuliaji hukimbilia mwisho wake: magazeti, televisheni, viwanda vya soda na maji. Ile miaka ya katikati, ya ofisi mchana na kalamu usiku, hurukwa. Nayo ndiyo miaka inayomhusu zaidi mfanyakazi anayeisikiliza semina akiwa ameshaandika barua ya kuacha kazi kichwani.

Kauli za siku hizi ni kali. Ajira ni utumwa. Mshahara haujawahi kumtajirisha mtu. Acha kumjengea mwenzako, jenga chako. Vijana wanazisikia kwenye simu zao asubuhi, wamebanana ndani ya daladala wakielekea kazini, na zinawachoma kwa sababu zina ukweli ndani yake. Mshahara wa wengi huisha kabla ya mwezi, na wapo mabosi wanaomfanya mtu mzima ajione mtoto. Lakini kauli hizo zinamsahau mfadhili mkubwa wa biashara ndogo za Afrika Mashariki. Benki inataka dhamana ya nyumba au kiwanja chenye hati. Mjomba ana watoto wake wa kusomesha. Mikopo ya kwenye simu ni midogo na inadai haraka. Fedha iliyojenga mabanda ya kuku, iliyofungua saluni na maduka ya vifaa vya ujenzi, iliyonunua bodaboda za mkataba na mashine za kusaga, kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye mshahara wa mtu fulani aliyekuwa akiweka kidogo kidogo. Mwekezaji wa kwanza alikuwa mwajiri.

Historia ya nchi mbili jirani inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo nyeti. Februari 1967, nchini Tanzania, Azimio la Arusha liliweka Miiko ya Uongozi. Kiongozi wa chama tawala cha TANU au wa serikali, na hapo walihesabiwa hata watumishi wa umma wa ngazi za kati na juu, hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kumiliki nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ilimbana pia mume au mke wake. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa kule Kenya ilipitia utumishi wa umma na kusema kinyume chake: hakuna ubaya mtumishi akimiliki mali au biashara, alimradi kazi ya umma haiathiriki. Nchi moja ilifunga mlango, nyingine ikaufungua.

Njaa haikuheshimu mlango uliofungwa. Tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, uwezo wa mshahara wa Mtanzania kununua vitu ulishuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Dar es Salaam ya wakati huo, anaeleza jinsi familia za wafanyakazi zilivyogeuka kuishi kwa miradi. Mama aliuza maandazi na vitumbua, watoto walibeba barafu, baba mwenye wadhifa alifuga kuku nyuma ya nyumba ya serikali. Wahadhiri wa Chuo Kikuu waliuza mayai. Kazini watu waliendelea kwenda, kwa sababu kazi ilikuwa na nyumba, matibabu, gari la ofisi na heshima, lakini ugali ulitoka kwenye mradi. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ile, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, na kilichokuwa kikifanyika kwa kificho kikawa halali.

Kisha ukaja wakati wa kupunguzwa kazini. Tanzania ilibinafsisha mashirika ya umma, na Kenya ikaanza mwaka 1993 kuwalipa watumishi wa serikali waliokubali kustaafu mapema. Makumi ya maelfu walitoka na kiinua mgongo mkononi. Wengi walinunua gari la abiria au wakafungua duka, biashara ambazo hawakuwahi kuzifanya hata siku moja, na wakajifunza kwa fedha ile ile ambayo haingekuja tena. Aliyekuwa na mradi unaotembea tangu akiwa kazini alikuwa na pa kushukia.

Hapo ndipo ilipo tofauti inayostahili kutafakariwa. Mfanyakazi anayeweka laki moja kwenye mradi kila mwezi anaweza kukosea mwezi huu, akasahihisha mwezi ujao, kwa kuwa mshahara unarudi. Anayeingia na akiba yote kwa mkupuo hukosea mara moja tu.

Kabla ya kuaga ofisi, ni vema mtu ajue anaaga nini, maana kiasi kinachosomeka kwenye hati ya mshahara ni sehemu tu ya anacholipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Akiugua, ana siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama anayejifungua ana siku 84. Kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii huingia asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, na kwa kawaida nusu yake hutoka kwa mwajiri. Kwa hiyo anayepokea shilingi milioni 1 huwekewa laki moja nyingine asiyoishika, na mwezi mmoja kila mwaka hulipwa akiwa amekaa nyumbani. Akishajiajiri, siku aliyoamka na malaria haina mlipaji. Msiba wa kijijini wa siku nne unakuwa siku nne za duka lililofungwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Sheria za hifadhi ya jamii za mwaka 2018 ziliondoa utaratibu wa zamani wa fao la kujitoa na kuweka fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6. Fao hilo ni la aliyepoteza kazi. Aliyeandika barua mwenyewe halimhusu. Hata malipo ya kuachishwa kazi, ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia hadi kikomo cha miaka 10, huenda kwa aliyeachishwa na mwajiri. Anayejiuzulu hutoka na mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyokuwa hajaichukua, na cheti cha utumishi. Ikiwa ana mkopo benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, makato yanakoma na deni linabaki. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, aliyezoea kukatwa asilimia 15, sasa atalilipa mwenyewe.

Haya yote hayamzuii mtu kuondoka. Yanamwambia aondoke na kiasi gani.

Biashara inayowavuta wafanyakazi wengi wa mijini ni kuku wa nyama, na sababu yake inaeleweka: mzunguko ni wa wiki 5 au 6, banda linajengeka nyuma ya nyumba, na kila mtaa una mwuza chipsi. Hesabu yake ya kwenye karatasi ni tamu. Vifaranga 500, toa gharama, zidisha kwa mizunguko 6 ya mwaka, na mtu anajiona ameshampita meneja wake. Tusogee karibu na banda lenyewe.

Vifaranga hufika wakiwa na umri wa siku moja, ndani ya maboksi yenye matundu, wakilia. Sakafu imeshamwagwa maranda ya mbao, na bruda imewashwa mapema ili joto la kama nyuzi 33 liwe limetulia kabla hawajashushwa. Usiku wa kwanza mfugaji halali kwa raha. Wakirundikana katikati, wana baridi, na wa chini watakufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia ukutani na kuachama midomo, joto limezidi. Siku ya 7 ni chanjo ya kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena. Chanjo hupewa kwenye maji, baada ya kuku kunyimwa maji kwa saa moja hivi ili wawe na kiu, na maji yenyewe yasiwe ya bomba yenye klorini, kwa sababu klorini inaiua chanjo. Mfanyakazi anayemwachia kijana wa shamba kazi hiyo kwa simu, yeye akiwa kwenye kikao mjini, anaweza kupoteza banda zima bila mtu yeyote kufanya uzembe wa makusudi.

Chakula ndicho kinachobeba gharama kubwa, kiasi cha theluthi mbili ya zote. Kuku mmoja hadi afikie kilo 2 hula kilo 3 na nusu hivi. Kwa kuku 500 hizo ni kilo 1,750, yaani mifuko 35 ya kilo 50. Hilo huwa lipo kwenye karatasi. Lisilokuwepo ni mteja aliyesema atakuja Ijumaa akasogeza hadi Ijumaa nyingine. Katika umri huo kuku anakula gramu 150 au zaidi kwa siku. Banda la kuku 500 linamaliza mfuko mmoja na nusu kila siku, wiki nzima mifuko 10 na zaidi, na bei aliyoahidi mteja haijabadilika. Faida ya mzunguko mzima inaweza kuliwa na kuku wenyewe katika siku hizo saba. Anayejua hivyo hutafuta wateja kabla ya vifaranga: mama lishe watatu, baa mbili, bucha moja, na friza ya kuwahifadhia waliochinjwa siku soko likilala. Elimu hiyo haipatikani semina. Hupatikana kwa kufuga kuku 100 wakati mshahara bado unaingia, ili hasara ya mzunguko wa kwanza iumize lakini isivunje nyumba.

Soko nalo lina tabia ya kuwakimbiza watu mahali pamoja. Kati ya mwaka 2013 na 2014 Wakenya wengi waliingia kwenye ufugaji wa kware. Mayai yake yalisifiwa kuwa tiba ya kila ugonjwa, bei ikapaa, na watu wakajipanga kutafuta kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maana kware ni ndege wa porini kisheria. Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa muuzaji na hakuna aliyebaki kuwa mnunuzi. Wapo waliokuwa wamechukua mikopo, wapo waliokuwa wameacha kazi. Kule Tanzania wimbi kama hilo lilipita kwenye matikiti maji, ambapo ekari moja ilizidishwa kwa idadi ya mashina, shina kwa matunda, tunda kwa bei ya sokoni Dar es Salaam, bila mdudu, bila mafuriko, bila dalali wa sokoni kuwemo ndani ya hesabu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwajiriwa huingia kwenye biashara akiwa na mazoea ya fedha ambayo ni yake yote. Mshahara ukiingia, hakuna wa kumdai sehemu yake ya mtaji. Dukani mambo ni mengine: kila noti iliyo kwenye droo imebeba ndani yake fedha ya bidhaa itakayonunuliwa kesho, kodi ya fremu, umeme, na kipande chembamba cha faida.

Tuchukue duka la rejareja linalouza shilingi 200,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mauzo ni 5,200,000, na mwenye duka anajisikia ameukata. Faida ya bidhaa ikiwa asilimia 15, kilichopatikana ni 780,000. Fremu 150,000, kijana wa duka 150,000, umeme, ulinzi na taka 80,000. Kinabaki 400,000, kabla ya kodi ya mapato. Sasa mwenye duka, ambaye hajajipangia mshahara, anachukua 20,000 kila jioni ya kwenda nyumbani, kwa kuwa watoto lazima wale. Mwisho wa mwezi amechukua 520,000. Zile 120,000 za ziada zimetoka kwenye mtaji. Hazionekani kwa macho. Kinachoonekana ni rafu zinazopata nafasi wazi, kwanza upande wa mafuta ya kula, halafu sukari, halafu mteja anaanza kuambiwa kimeisha. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 1,440,000. Duka hilo litafungwa likiwa lina wateja, na majirani watasema limelogwa.

Dawa yake ni ya kawaida na ni ngumu: mwenye biashara ajiajiri kwa maana kamili. Ajipangie mshahara mdogo, wenye tarehe, na anayeomba nyongeza aonyeshe hesabu. Droo ya duka na pochi ya nyumbani zitenganishwe, namba ya simu ya kupokelea malipo iwe ya biashara peke yake. Wanaofanya hivyo wakiwa bado wanalipwa na mwajiri wana nafuu kubwa, kwa sababu hawaigusi droo kabisa. Kila shilingi ya faida inarudi kununua mzigo. Miaka miwili ya namna hiyo hujenga mtaji ambao benki isingeukopesha.

Yapo na mambo ya mwenye fremu na ya serikali. Mgeni wa biashara hukuta kwamba mwenye fremu anataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, kabla hata bidhaa ya kwanza haijauzwa, na dalali anataka chake. Kwa Tanzania, hukuta kwamba jina la biashara linasajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, namba ya mlipakodi inachukuliwa kwa mamlaka ya mapato, TRA, leseni inatoka halmashauri au wizarani kutegemea aina ya biashara. Hukuta kwamba TRA humfanyia makadirio ya kodi, alipe kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Na wengi hushtuka kuambiwa kwamba ni jukumu lao, kama wapangaji, kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kazini haya yote yalifanywa na mtu wa uhasibu ghorofa ya pili. Kodi ya mapato ilikatwa, michango ikapelekwa, na mfanyakazi akaona matokeo tu kwenye hati yake ya mshahara. Mwenye biashara anahamia kwenye kiti cha mhasibu, cha mtu wa manunuzi, cha mlinzi na cha mfagiaji, vyote siku moja.

Nyumbani nako kunabadilika. Mshahara ulikuwa na siri yake; ndugu walijua upo lakini hawakuuona. Duka liko wazi barabarani. Shangazi akipita anaona mchele, mpwa anaona vocha, rafiki wa zamani wa ofisini anakuja kukopa kwa tabasamu, na kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye biashara anayetoka katika familia yenye upendo ana kazi ya ziada ya kusema hapana bila kuvunja undugu. Mume au mke asiposhirikishwa mapema, miezi ya kwanza isiyo na mshahara huwa miezi ya maneno. Walioshirikishwa huwa ndio wanaokaa dukani mwenzao akiugua, ndio wanaoandika daftari, na mara nyingi ndio waliolianzisha duka lenyewe wakati mwenzao akiwa kazini.

Kusema kwamba mwajiri ni mwekezaji wa kwanza kunaleta swali ambalo Azimio la Arusha lililiona mapema kuliko wengi: je, anawekeza kwa hiari au anaibiwa? Mwalimu anayefundisha nusu ya mada darasani ili auze nusu iliyobaki kwenye tuisheni ya jioni anawatoza watoto wale wale mara mbili. Muuguzi ambaye dawa za zahanati ya umma huishia kwenye duka lake la dawa anaua. Fundi wa kampuni anayenong'ona na mteja kwamba kazi hii nitakufanyia mwenyewe Jumapili kwa nusu bei, akitumia mashine za kampuni, hajajiajiri, amehamisha mali. Kenya iliyofungua mlango mwaka 1971 iliishi na matokeo yake hadi Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 77 inamkataza ofisa wa serikali wa muda wote kushika ajira nyingine ya kujipatia kipato. Tanzania nayo, baada ya kulegeza miiko, ilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 na kuwataka viongozi watangaze mali zao.

Kwa mfanyakazi wa kawaida mpaka huo si mgumu kuuona. Saa za mwajiri ni za mwajiri, pamoja na wateja wake, vifaa vyake na siri zake. Mshahara ukishalipwa ni wa mfanyakazi, na jioni, Jumamosi na likizo ni zake. Mradi uliokua ndani ya mpaka huo una faida nyingine kubwa: siku ya kuondoka, aliyekuwa bosi anaweza kuwa mteja wa kwanza mkubwa. Wahasibu, mafundi umeme, wachapaji, wapishi wa hafla na wasafishaji wengi wamepata mkataba wao wa kwanza kutoka ofisi ile ile waliyoiaga vizuri, wakiwa wametoa notisi yao ya siku 28 na kukabidhi mafaili yote.

Wakati wa kuondoka basi hupimwa kwa vitu vinavyohesabika. Biashara imemlipa mtu asiye mwenyewe kwa miezi kadhaa bila kukwama. Wateja wengi si ndugu wala marafiki. Mkopo wa mshahara umekwisha au umebaki mdogo. Ipo akiba ya matumizi ya nyumbani ya nusu mwaka, mbali na mtaji. Na kubwa zaidi, kazi ya ofisini imeanza kuigharimu biashara: wateja wanakosa huduma kwa sababu mwenyewe yuko kazini hadi saa 11 jioni. Hapo mshahara umemaliza kazi yake ya uwekezaji. Kuendelea kuung'ang'ania kunaweza kuwa hasara, na woga nao una wahanga wake wengi wasiosimuliwa. Upo pia uamuzi wa kurudi. Aliyejaribu miaka miwili, akafunga daftari, akaomba kazi tena, amerudi sokoni na elimu ambayo mwajiri mwenye akili ataitafuta.

Lakini kumwachia mtu mmoja mmoja mzigo wote huu ni kukosea njia. Takwimu za serikali ya Kenya zinaonyesha kwamba zaidi ya kazi 8 kati ya 10, ukiacha kilimo kidogo, ziko katika sekta isiyo rasmi. Serikali za kanda hii zinawahimiza vijana wajiajiri kila siku ya Mungu, huku sheria zikimtendea anayeacha kazi ili aanzishe biashara kama mtu aliyeasi. Zipo nchi zilizoona njia nyingine. Uswidi ina sheria ya mwaka 1997 inayompa mwajiriwa haki ya likizo ya hadi miezi 6 ili ajaribu biashara yake, alimradi haishindani na ya mwajiri, na kazi yake inamsubiri. Ufaransa, tangu Novemba 2019, inamruhusu mtu aliyefanya kazi kwa miaka 5 ajiuzulu na bado alipwe fao la kukosa ajira, baada ya mpango wake wa biashara kukaguliwa na kukubaliwa.

Nchi hizo ni tajiri kuliko zetu, lakini kanuni hizo mbili hazihitaji utajiri mkubwa. Likizo bila malipo haimgharimu mwajiri mshahara. Fao la miezi 6 linatoka kwenye mfuko ambao mfanyakazi huyo huyo ameuchangia kwa miaka. Wabunge wa Dodoma na Nairobi wanaotaka ajira milioni kadhaa kwenye ilani zao waanzie hapo: waiandike haki ya likizo ya kujaribu biashara ndani ya sheria za kazi, na wale wa Dodoma walifungue fao la kukosa ajira kwa aliyechangia miaka ya kutosha na mwenye biashara iliyosajiliwa. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo hadi leo humhesabu anayejiajiri kuwa mwanachama aliyepotea, vina kila sababu ya kulibeba dai hilo kwenye meza ya majadiliano Mei Mosi ijayo.